Jini Naye Ana Sheria

Wasomaji wa hadithi za ajabu ndio wasomaji wakali kuliko wote ninaowafahamu. Anayesoma riwaya ya mapenzi atakuvumilia ukimsahau shangazi wa bwana harusi katikati ya kitabu. Anayesoma habari za chombo cha angani havumilii. Atataka kujua chombo kinakula mafuta gani, nani kayanunua, na kama huko juu hakuna hewa, nahodha anavuta nini anapotoka nje kukarabati. Nimeandika hadithi za namna hii tangu ujanani, nyingi zikitoka kwa mfululizo katika gazeti la kila wiki, na namba yangu ya simu ikichapishwa chini ya kila sehemu kama ilivyo desturi ya magazeti yetu. Siku gazeti linapotoka, ujumbe huanza kuingia asubuhi mapema, na mara nyingi wa kwanza hauna hata salamu. Ni swali tupu. Naamini maswali hayo ndiyo yanayoifanya fani hii iwe fani, kuliko roketi, majini na mashine zinazofikiri.

Kwetu ajabu haikuwahi kuwa holela. Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Pangani, alikuwa akitusimulia usiku baada ya chakula. Akiita "Hadithi njoo!" tulimwitikia "Uongo njoo, utamu kolea!" Lakini ole wako uufanye uongo huo kiholela. Alikuwa na kisa cha mwanamke mzuri anayekutana na wanaume njiani usiku, kanga mbili, marashi yananukia, na chini ya kanga miguu yenye kwato. Nilimuuliza, "Bibi, na akivaa viatu?" Hakunicheka. Alifikiri kidogo, akasema, "Atavaa, mjukuu wangu. Lakini sakafu haivishwi viatu. Sikiliza mlio." Usiku ule sikulala nikisikiliza nyayo za kila aliyepita uchochoroni.

Hata pepo wenyewe walikuwa na utaratibu. Penye ngoma ya kupunga, fundi hakumfukuza pepo kwa kelele tu. Alimuuliza jina, akamuuliza ametoka wapi, akamuuliza anataka nini. Pepo akijibu kwa kinywa cha mgonjwa, yalianza mapatano: kitambaa cha rangi fulani, marashi fulani, siku fulani ya kumkumbuka. Yakishafungwa, kila upande ulibanwa nayo. Watu wazima walisimama pembeni mwa kilinge wakifuatilia mapatano yale kwa makini, tayari kukumbusha kama fundi karuka hatua. Mtoto aliyelelewa hivyo hawezi kukua akidhani kwamba katika hadithi ya ajabu lolote laweza kutokea. Anajua kinyume chake: kwa kuwa kimoja kimetoka nje ya kawaida, vingine vyote lazima vikazwe.

Shuleni nilikutana na nchi inayoelea angani. *Kusadikika* ya Shaaban Robert ilichapishwa mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, na tulifundishwa ipasavyo: waziri Majivuno ni dhuluma, mshtakiwa Karama ni sauti ya wanaodai haki, na wajumbe sita waliotumwa pande zote, hadi juu mbinguni na chini ardhini, ni watu wanaotafuta maendeleo wakarudi kufungwa gerezani. Yote hayo ni kweli na nayakubali mpaka leo. Lakini mimi nilitaka kujua nchi isiyo na ardhi chini yake inapata wapi maji ya kunywa, na mjumbe anayerudi kutoka ardhini anapanda vipi. Mwalimu, kwa upole kabisa, alisema hilo haliulizwi kwenye mtihani.

Hapo nadhani ndipo tunapoikosea fasihi yetu ya ajabu: tunaigeuza fumbo mapema mno. Tukishajua kinachowakilishwa, tunaiacha nchi yenyewe ikiwa haijakaliwa. Euphrase Kezilahabi alituandikia *Nagona* mwaka 1990 na *Mzingile* mwaka uliofuata. Katama Mkangi katika *Walenisi*, 1995, alimchukua Dzombo, mtu aliyehukumiwa kufa, akamrusha kwa chombo hadi kwenye ulimwengu mwingine wenye mpango mwingine wa maisha. Said Ahmed Mohamed alimtoa babu kaburini katika *Babu Alipofufuka* aje amsute mjukuu aliyekula nchi. Vitabu hivi vina makala nyingi za wahakiki, na ni haki yake. Lakini sijawahi kukuta vijana wawili kwenye daladala wakibishana kuhusu chombo cha Dzombo: kilipaaje, nani alikiunda, na kwa nini waliotaka afe hawakukilipua tu. Ningewakuta ningeshuka nao kituo chao.

Na kuna ukuta mwingine. Vyuoni riwaya hugawanywa: riwaya dhati upande mmoja na riwaya pendwa upande wa pili. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa wamewekwa upande wa pili, ule unaosomwa chini ya dawati mpaka kurasa zinang'oka. Nagona iko upande wa kwanza. Anayetaka kuandika roboti mwenye mwili wa chuma na kutaka asomwe na makanika hana rafu ya kuwekwa. Nilipopeleka muswada wangu wa kwanza kwa mchapishaji, nilielezwa kwamba kama ni fasihi basi niondoe mashine, na kama ni burudani basi niondoe falsafa. Niliupeleka gazetini ulivyo, pamoja na mashine na falsafa yake.

Gazetini nilikwenda kwa sababu nilijua wasomaji wangu wako wapi. Nilikuwa nimeshawaona kibandani.

Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar walikuwa nacho miaka ishirini kabla. Pengo hilo lilizibwa na vibanda vya video. Cha mtaani kwetu Temeke kilikuwa cha mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, mabenchi ya mbao yasiyo na mgongo, na mbele kabisa televisheni ndogo juu ya meza, deki chini yake imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kitu cha sebuleni. Jenereta lilinguruma nyuma ya ukuta. Pembeni mwa televisheni alisimama mtafsiri na maikrofoni. Alikuwa kila mtu: steringi, adui, mama mwenye nyumba, mbwa. Sanaa hiyo baadaye ilijulikana mno kupitia Lufufu, aliyerekodi sauti yake juu ya filamu na kanda zake zikauzwa nchi nzima, lakini wengi walioifanya hawana jina popote.

Mimi nilikuwa msichana, na wasichana hawakutakiwa mle. Niliingia kwa kuwa kaka yangu ndiye aliyeliangalia jenereta, na kwa sharti kwamba nikae naye mlangoni nisiseme kitu. Nilitii sharti la kukaa.

Filamu iliyopasua kibanda ilikuwa ya pili katika zile za Terminator, iliyotoka Marekani mwaka 1991 na kutufikia baadaye kidogo. Tulikuwa tumeshaiona ya kwanza, na tulikuwa tumeshajifunza sheria yake: mashine inayorudisha mtu nyuma katika wakati haipitishi kitu kisicho na uhai. Ndiyo maana askari anafika uchi, bila bunduki. Ndiyo maana roboti anapita, kwa sababu chuma chake kimevikwa nyama hai. Mtafsiri wetu aliieleza mara mbili, na kijana mmoja aliyechelewa akaelezwa mara ya tatu na mabenchi yote kwa pamoja. Sasa kwenye ya pili akatokea adui ambaye mwili wake wote ni chuma cha majimaji. Hakuna nyama, hakuna ngozi. Akapita.

Fundi wa baiskeli aliyekaa benchi la mbele alisimama. "Huyu kapitaje?"

Kanda ilisimamishwa. Sijui kama naweza kuwaeleza wasomaji wa leo uzito wa jambo hilo: mafuta ya jenereta yanaungua, watu wamelipa, na kanda inasimamishwa kwa ajili ya hoja. Kundi moja likasema maadui wametengeneza mashine mpya, bora kuliko ya kwanza. Jingine likasema chuma kile kinaiga chochote kinachogusa, kwa hiyo kiliiga nyama na mashine ikadanganyika. Mtafsiri mwenyewe alikuwa na rai ya tatu, akaitoa kwa sauti yake halisi, ambayo hatukuwa tumeizoea: kitu kinachojeruhiwa kikajiponya, kinachomtafuta adui yake na kuamua, kwa nini tukatae kwamba ni hai? Kimya kilikuwa cha nusu dakika. Kisha wakaanza upya, na mimi mlangoni nikasema kwa sauti kwamba kama chuma kile ni hai basi steringi anamuua mtu, si mashine. Watu waligeuka. Fundi wa baiskeli akasema, "Mwacheni aseme." Kuanzia siku hiyo nilikaa benchini.

Miaka mingi baadaye, Agosti 2024, nilikwenda Glasgow kwenye mkutano wa dunia wa wapenzi wa bunilizi za kisayansi, uliofanyika kando ya Mto Clyde. Kwenye foleni nilisimama nyuma ya mzee mmoja, mstaafu wa reli, beji zimejaa kifuani. Tulianza kwa hali ya hewa, tukafika kwenye chuma cha majimaji. Alizijua rai zote tatu. Kwao nazo ziliwahi kuwagombanisha, kwa barua na kwa vijarida walivyochapa wenyewe kwa stensili. Nilipomwambia rai ya mtafsiri wetu na lile nililoongeza mimi, alitaka kujua kibanda kilikuwa wapi hasa, akanitolea daftari nimchoree ramani ya Temeke. Foleni ikatupita.

Nilifurahi, na furaha yangu ilikuwa na sababu inayohusu historia ya fani yenyewe. Aprili 1926 Hugo Gernsback, mzaliwa wa Luxembourg aliyehamia Marekani, alianzisha jarida la *Amazing Stories*. Hadithi za safari za mwezini zilikuwapo kabla yake. Alichofanya kikadumu ni kuchapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao. Wasomaji wakaanza kuandikiana wao kwa wao, wakakutana, wakaunda vilabu, wakatoa vijarida, na kutoka humo wakatokea waandishi. Isaac Asimov alikuwa mwandika barua kabla ya kuwa mwandika vitabu. Mwaka 1939 watu wapatao mia mbili walikusanyika New York kwa mkutano wa kwanza wa dunia. Ray Bradbury, kijana asiye na pesa, alikuja kwa basi kutoka Los Angeles kwa nauli ya kukopa. Tuzo ya Hugo, inayopigiwa kura na washiriki wa mkutano huo, ilianza 1953. Yaani aliyesoma na akauliza ndiye aliyejenga nyumba. Mhakiki alikuja kukuta imeezekwa.

Lakini nyumba hiyo ilikuwa na mlango tangu siku ya kwanza, na mlangoni pake kulikuwa na watu. Katika mkutano ule wa 1939 vijana sita wa kikundi kimoja chenye siasa za mrengo wa kushoto walizuiwa kuingia, kwa hofu kwamba wangevuruga. Miongoni mwao walikuwamo Frederik Pohl na Donald Wollheim, ambao baadaye wakawa wahariri wakubwa wa fani hiyohiyo. Nalikumbuka hili kila ninaposikia shabiki akisema kwamba zamani kila mtu alikaribishwa. Mapenzi makali ya kitu huzaa walinzi, na mlinzi asiyeangaliwa huanza kuamua nani ana haki ya kupenda.

Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Naijeria, alishinda tuzo ya fantasia ya dunia mwaka 2011 kwa *Who Fears Death*. Sanamu aliyokabidhiwa ilikuwa kichwa cha H. P. Lovecraft, mwandishi mwenye kipaji kikubwa cha kutisha ambaye pia aliandika shairi la kuwadhalilisha watu weusi. Okorafor aliandika waziwazi jinsi ilivyo kuwa na kichwa hicho nyumbani. Mjadala ukachemka kwa miaka, na 2015 ikatangazwa kwamba sanamu ile haitatolewa tena. Mwaka huohuo makundi ya mashabiki waliokerwa na sura mpya katika fani yalipanga kura za uteuzi za Hugo kwa pamoja. Wapiga kura wa mwisho wakajibu kwa kuacha vipengele vitano bila mshindi. Mwaka uliofuata *Binti* ya Okorafor ikashinda, na N. K. Jemisin akaanza kutwaa tuzo ya riwaya bora, 2016, 2017 na 2018 mfululizo, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya. Ushabiki ndio uliofunga mlango na ushabiki ndio uliofungua. Sioni njia ya kupata ushabiki unaofungua bila kuuishi ule unaofunga, ila kuwa na watu wa aina ya fundi wa baiskeli kila mahali penye mlango.

Afrika Mashariki tumekuwa na kazi zetu. Wanuri Kahiu wa Kenya alitengeneza *Pumzi* mwaka 2009, filamu fupi ya ulimwengu uliokauka baada ya vita vya maji, ambamo watu wanasafisha jasho na mkojo wao wanywe, na ndoto zinazimwa kwa vidonge. Jalada, kikundi cha waandishi chenye makao Nairobi, kilitoa mkusanyo mzima wa Afrika ya siku zijazo Januari 2015. Dilman Dila wa Uganda ameandika na kuongoza filamu kwa miaka. Navithamini vyote, na vyote nilivisoma au kuvitazama kwa Kiingereza. Shauku yangu iko kwa yule ambaye Kiingereza ni lugha ya mtihani tu, ambaye akipenda anapenda kwa Kiswahili na akibisha anabisha kwa Kiswahili. Huyo ana maswali mengi kuliko sisi waandishi, na kwa muda mrefu hatukumpa pa kuyaweka.

Nilianza mfululizo wa jiji la Dar es Salaam baada ya bahari kupanda. Maji yamefika ghorofa ya pili pale Posta, watu wanaishi juu, masoko yako kwenye mapaa, na mitumbwi inapita palipokuwa na barabara. Sehemu ya kwanza ilipotoka nilipata ujumbe kutoka kwa mvuvi wa Kunduchi: "Dada, maji ya bamvua yakipwa, ghorofa ya pili inatoka nje. Ya nani hiyo?"

Nilikaa na ujumbe ule siku nzima. Kwenye pwani yetu wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, kina cha maji kati ya kujaa na kupwa hupishana zaidi ya mita tatu, ambazo ni ghorofa nzima. Wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo na sakafu haionekani. Kwa hiyo katika jiji langu kuna tabaka zima la vyumba linalozaliwa na kufa kwa kufuata mwezi. Nilimpigia. Akanieleza, kwa subira ya mtu anayejua kazi yake, kitakachobaki sakafuni maji yakitoka: pweza kwenye makabati, chaza kwenye ngazi, matope ya kufika kifundoni, na muda alionao mtu kabla maji hayajarudi. Akaongeza kwamba maskini ndiye atakayepanga huko. Hadithi ambayo niliikusudia iwe ya kimbunga ikawa ya watu wa ghorofa ya bamvua na anayekuja kuwadai kodi wakati wa kupwa.

Nilimwomba mhariri wangu nusu ukurasa chini ya kila sehemu, kwa ajili ya maswali ya wasomaji na majibu yao wenyewe. Alihofia tangazo lingekosa nafasi. Baada ya wiki chache ni yeye aliyekuwa akinipigia kuuliza kama mvuvi ameandika.

Nusu ukurasa huo sasa una ugomvi wake. Mwanafunzi wa sheria kutoka Dodoma ameandika kwamba ardhi yote Tanzania ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya 1999, kwa hiyo mdai kodi wangu hana hoja. Mama mmoja wa Mbagala akamjibu: sakafu ya ghorofa ya pili ni ardhi tangu lini? Mwingine akaleta Sheria ya Mazingira ya 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, akauliza mita hizo zinapimwa kutoka wapi bahari ikishafika Posta, na kama wizara zilizobaki kwenye mapaa hazivunji sheria. Mvuvi anashikilia kwamba mpaka wa bahari ni pale maji ya bamvua yanapofika, kama wazee walivyoweka, na anayeishi ndani ya mpaka huo anaishi baharini, hadaiwi na wa nchi kavu. Kisha juzi ukaja ujumbe mrefu kutoka Mwanza, wa mtu ambaye ziwa lilimfuata nyumbani mwaka 2020, Victoria ilipofurika kuliko kipimo chochote kilichokuwa kimeandikwa hadi wakati huo. Anasema nyie wa pwani mnabuni, sisi tulishapimiwa, na ananieleza nani alikuja na futi, alisimama wapi, na alisema nini. Nimemwomba ruhusa. Sehemu ya wiki ijayo ni baraza juu ya paa la Posta, na shahidi wa kwanza anatoka ziwani.